Elimu kwa Umma: Kuhifadhi Picha za Kipimo cha Kinyama ili Zimfae Mgonjwa Kesho

Chukulia mfano wa mama mwenye umri wa miaka 44 anayefika hospitalini akiwa na uvimbe kwenye titi. Daktari anachukua kinyama, kinapelekwa kwa mtaalamu wa patholojia, na majibu yanaporudi yanaonyesha kuwa ni saratani. Mama huyo anafanyiwa upasuaji, anatibiwa na kurejea kijijini kuendelea na shughuli zake. Miaka mitano baadaye anaanza kukohoa, na picha ya kifua inaonyesha kivimbe kwenye pafu. Daktari anayempokea safari hii ana swali moja la msingi: je, ugonjwa wa zamani umerudi, au huu ni ugonjwa mwingine kabisa? Matibabu ya hali hizo mbili hayafanani. Njia mojawapo muhimu ya kulijibu ni kuchukua kinyama kipya na kukilinganisha na kile cha zamani.

Kama kumbukumbu ya kile cha zamani ipo na inasomeka, ulinganisho unaweza kufanyika mara moja, hata kama mtaalamu yupo mji mwingine. Kama haipo, daktari hulazimika kuamua akiwa na nusu ya taarifa, na gharama ya pengo hilo hulipwa na mgonjwa. Kwa sababu hiyo, suala la mahali pa kuhifadhi picha za maabara si la mafundi wa kompyuta peke yao. Linamhusu kila mkazi, na linawahusu zaidi wajumbe wa Bodi ya Huduma za Afya ya Halmashauri na Kamati za Usimamizi wa Vituo, ambao hujadili mipango na bajeti kwa niaba ya wananchi.

Kutoka kinyama hadi picha

Kinyama kikishachukuliwa hutiwa kwenye dawa iitwayo fomalini ili kisioze. Kisha huondolewa maji, hugandishwa ndani ya nta, na kukatwa vipande vyembamba vyenye unene wa takriban elfu tatu hadi elfu tano za milimita. Kipande hicho huwekwa juu ya kioo kidogo kiitwacho slaidi, hupakwa rangi ili seli zionekane, na ndipo mtaalamu hukitazama kwa hadubini.

Kwa zaidi ya karne moja kumbukumbu ya kipimo ilikuwa vitu vitatu: kipande cha nta, slaidi na karatasi ya majibu. Sasa umeongezeka wa nne, nao ni picha ya kidijitali. Mashine maalumu ya skana hupiga picha ya slaidi nzima sehemu kwa sehemu, kisha huziunganisha kuwa picha moja kubwa ambayo mtaalamu anaweza kuikuza na kuisogeza kwenye kompyuta kama anavyofanya kwa hadubini.

Faida yake ni kubwa mahali ambapo wataalamu wa patholojia ni wachache. Katika Hospitali ya Butaro, kaskazini mwa Rwanda, ambako kituo cha saratani kilifunguliwa mwaka 2012, picha za sampuli zimewawezesha wataalamu walioko Boston, Marekani, kutoa maoni bila kusafiri. Katika Hospitali Kuu ya Kamuzu mjini Lilongwe, Malawi, wataalamu wa huko wamekuwa wakijadili picha za slaidi kwa njia ya mtandao na wenzao wa Chuo Kikuu cha North Carolina. Picha husafiri kwa urahisi kuliko kioo, wala haivunjiki njiani. Hata hivyo ina udhaifu wake: ni kubwa mno, na inaweza kupotea bila mtu yeyote kusikia kishindo.

Ukubwa wa picha moja

Hesabu ifuatayo inaonyesha ukubwa huo. Kinyama chenye upana wa milimita 15 kwa 15, kikipigwa picha kwa ukuzaji wa mara 40, hugawanywa katika nukta ndogo ambazo kila moja ni robo ya elfu moja ya milimita. Hapo kila upande huwa na nukta 60,000, na picha nzima nukta bilioni 3.6. Bila kubanwa, picha hiyo hufikia takriban gigabaiti 11. Ikibanwa kwa utaratibu wa kawaida, mara nyingi hubaki kati ya nusu gigabaiti na gigabaiti 2. Kwa kulinganisha, picha ya simu yenye megabaiti 4 ingehitaji kurudiwa mara 250 ili ifikie gigabaiti 1.

Maabara inayopiga picha slaidi 20 kwa siku, kila moja ikiwa na gigabaiti 1, kwa siku 250 za kazi hujaza gigabaiti 5,000, yaani terabaiti 5 kwa mwaka. Kwa miaka 10 ni terabaiti 50. Zikitunzwa nakala tatu, kama itakavyoelezwa hapa chini, mahitaji hufika terabaiti 150.

Kutoka kwenye hesabu hiyo linapatikana funzo la kwanza la mpango wowote wa aina hii: bei ya skana ni mwanzo tu wa gharama. Mashine hununuliwa mara moja, lakini hifadhi hulipiwa kila mwaka. Bajeti iliyonunua mashine na kusahau hifadhi huishia kwa watumishi kufuta picha za zamani ili kupata nafasi ya mpya.

Swali la kwanza ni matumizi

Kabla ya kuchagua mahali pa kuhifadhi, hospitali inapaswa kujibu swali hili: picha hizi zitatumika kwa kazi gani? Hospitali ya Chuo Kikuu ya Utrecht, Uholanzi, ilipoanza kupiga picha za slaidi zake mwaka 2007, madaktari waliendelea kusoma kwa hadubini, na picha zikawa kumbukumbu kwa ajili ya vikao vya madaktari na kufundishia. Kutoa majibu moja kwa moja kutokana na picha kulifuata miaka mingi baadaye. Walipanda ngazi kwa hatua.

Kwa hospitali ya ngazi ya halmashauri, si lazima kila slaidi ipigwe picha nzima. Zinaweza kuchaguliwa zile za wagonjwa waliokutwa na saratani, zile zenye utata, na zile zinazotumwa kwa wataalamu wa hospitali ya kanda au ya taifa. Kwa slaidi nyingine, picha chache za sehemu muhimu zilizopigwa kwa kamera iliyofungwa kwenye hadubini hutosha, na kila moja ina megabaiti chache tu. Uchaguzi huo peke yake unaweza kupunguza mahitaji ya hifadhi mara nyingi.

Njia za kuhifadhi, ubora na udhaifu wake

1. Kompyuta ya skana. Hapa ndipo picha huzaliwa, lakini hapafai kuwa makazi yake. Diski ya kompyuta hiyo hujaa haraka, na ikiharibika, kazi ya miezi hupotea kwa siku moja. Picha zihamishwe kila siku.

2. Flashi na diski za nje. Ni rahisi kununua na kubeba, na kwa sababu hiyo hiyo ni rahisi kudondoka, kuibwa na kusahaulika kwenye basi. Flashi nyingi zimeandaliwa kwa mfumo wa zamani usiopokea faili lenye zaidi ya gigabaiti 4, hivyo picha kubwa hukataa kunakiliwa. Zitumike kusafirisha au kuwa nakala ya ziada tu, zikiwa zimefungwa kwa nenosiri na taarifa zake zimefanywa fiche.

3. Seva au kabati la diski ndani ya hospitali. Hii ndiyo njia inayofaa kwa picha za kazi ya kila siku, kwani hufunguka haraka hata intaneti ikikatika. Diski kadhaa hupangwa pamoja ili moja ikifa, nyingine ziendelee. Wengi hudhani mpangilio huo unatosha kuwa nakala ya akiba. Hautoshi: moto, mwizi, radi au kirusi cha kompyuta huzipata diski zote kwa pamoja, na mtumishi akifuta picha kwa bahati mbaya, hufutika katika zote. Seva pia huhitaji chumba chenye ubaridi, betri ya dharura ya kuilinda umeme unapokatika, na mtumishi wa TEHAMA anayeikagua. Ni busara kupanga tangu mwanzo kuwa diski zitabadilishwa kila baada ya miaka michache.

4. Kanda za sumaku. Teknolojia hii ya zamani bado inatumiwa na taasisi kubwa duniani. Kanda moja ya kizazi cha tisa cha LTO hubeba terabaiti 18 kabla ya kubanwa. Kwa kuwa hukaa kabatini bila kuunganishwa na mtandao, kirusi hakiwezi kuifikia. Udhaifu wake ni mashine ya kuisomea, ambayo ni ya gharama na husoma vizazi vichache tu vya kanda. Anayetunza kanda kwa miaka mingi lazima ahamishie data zake kwenye kanda mpya kabla mashine ya zamani haijatoweka sokoni. Njia hii inafaa zaidi hospitali za kanda na taifa.

5. Huduma ya kulipia mtandaoni, maarufu kama wingu. Hospitali hainunui mashine, bali hulipa kwa mwezi kulingana na nafasi inayotumia. Yapo mambo matatu ya kuangaliwa. Bei mara nyingi hutajwa kwa dola, hivyo bajeti ya shilingi huyumba. Hifadhi ya bei nafuu kabisa imekusudiwa vitu visivyoguswa, na kukirudisha kilichohifadhiwa huweza kuchukua saa kadhaa na kutozwa ada. Tatu, huenda seva zenyewe zipo nje ya nchi, na hilo ni suala la sheria.

6. Hifadhi ya pamoja ya taasisi za umma. Badala ya kila halmashauri kujijengea chumba chake, picha zinaweza kutunzwa katika kituo cha data cha serikali au katika hospitali ya rufaa inayosoma sampuli hizo. Miradi ya TEHAMA ya taasisi za umma huongozwa na Sheria ya Serikali Mtandao ya mwaka 2019, inayosimamiwa na Mamlaka ya Serikali Mtandao, hivyo ushauri wa Mamlaka hiyo utafutwe kabla ya kununua chochote. Sharti la njia hii ni mtandao wa uhakika.

Kuhusu mtandao, hesabu nayo ni muhimu. Kwa kasi ya megabiti 4 kwa sekunde, picha ya gigabaiti 1 huchukua takriban dakika 33 kutumwa, na picha 20 huchukua saa 11. Kazi hiyo inawezekana ikipangwa kufanyika usiku. Mtaalamu anayesoma picha kutoka mbali si lazima aipakue yote. Programu za kutazamia huleta sehemu ile tu anayoikuza kwa wakati huo, kwani picha hizi huhifadhiwa kwa ngazi za ukuzaji na vipande vidogo vidogo.

Nakala moja si hifadhi

Katika njia hizo sita, hakuna inayotosha peke yake. Kanuni inayofuatwa na watunza kumbukumbu wengi husema: nakala tatu, katika vyombo vya aina mbili tofauti, na moja kati ya hizo iwe mahali pengine kabisa. Kwa hospitali ya halmashauri, mpangilio unaowezekana ni nakala ya kwanza kwenye seva ya hospitali, ya pili kwenye diski za nje zinazofungiwa katika jengo jingine lenye ulinzi, na ya tatu katika hifadhi ya pamoja ya taasisi za umma au hospitali ya rufaa.

Nakala isiyojaribiwa haina tofauti na ahadi. Angalau mara moja kila robo mwaka, mtumishi achague picha chache kutoka kwenye nakala ya akiba, azifungue kwenye kompyuta nyingine, na kuandika matokeo katika daftari. Zipo pia programu za kukokotoa alama ya utambulisho ya kila faili; alama ikibadilika, ni dalili kuwa faili limeharibika hata kama jina lake bado lipo.

Majina, miundo na makosa ya kawaida

Picha isiyopatikana ni sawa na picha iliyopotea. Kila faili lipewe namba ya sampuli inayolingana na namba iliyo kwenye kitabu cha maabara, kwenye kipande cha nta na kwenye majibu ya mgonjwa. Jina la mgonjwa lisiandikwe kwenye jina la faili.

Watengenezaji wa skana wana miundo tofauti ya faili, na baadhi yake hufunguka kwa programu chache tu. Muundo mmojawapo unaotumika sana, wenye kiambishi cha MRXS, huwa na faili dogo pamoja na folda yenye jina lile lile, na picha halisi imo ndani ya folda. Anayenakili faili peke yake na kuiacha folda hubeba kasha tupu, na huenda asigundue hadi siku picha itakapohitajika. Kabla ya kununua skana, hospitali iulize kama picha zake zinaweza kutolewa katika muundo wa DICOM, ambao ni kiwango cha kimataifa cha picha za tiba na ambao tangu mwaka 2010 umeainishwa pia kwa slaidi nzima. Swali hilo huizuia hospitali isiwe mateka wa muuzaji mmoja.

Kosa jingine ni kutuma picha kwenye makundi ya WhatsApp. Programu hiyo hubana picha na kupunguza undani ambao daktari anauhitaji, na nakala hubaki katika simu za watu wengi bila udhibiti.

Siri ya mgonjwa

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazitambua taarifa za afya kuwa taarifa nyeti, na inaweka masharti ya kusafirisha taarifa binafsi nje ya nchi. Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ndiyo hupokea malalamiko ya wananchi.

Katika picha za slaidi, siri huvuja kwa njia ambayo wengi hawaifikirii. Skana nyingi hupiga pia picha ya lebo iliyo ukingoni mwa kioo na kuiweka ndani ya faili lile lile. Ikiwa lebo imeandikwa jina, basi jina limesafiri pamoja na picha hata kama faili limepewa namba tu. Dawa yake ni kuandika namba pekee kwenye lebo tangu awali, na kuondoa picha ya lebo kabla ya kutuma picha kwa ajili ya mafunzo au utafiti. Kila mtumishi awe na nenosiri lake mwenyewe, na mfumo uweke kumbukumbu ya nani alifungua picha gani na lini.

Muda wa kutunza, na thamani ya kioo na nta

Kwa mfano wa muda wa kutunza, Chuo cha Wanapatholojia cha Marekani huzitaka maabara zinazofuata viwango vyake kutunza slaidi na vipande vya nta kwa miaka 10. Kila hospitali iwe na mwongozo wake ulioandikwa, unaokubaliana na maelekezo ya Wizara, unaosema picha ipi inatunzwa kwa muda gani na nani mwenye mamlaka ya kuruhusu ifutwe. Picha za miaka miwili ya karibuni zinaweza kukaa kwenye hifadhi ya haraka, na za zamani zihamishiwe kwenye hifadhi ya gharama nafuu.

Picha haiondoi haja ya kutunza kipande cha nta. Kutoka kwenye nta inawezekana kukata slaidi mpya na kufanya vipimo ambavyo havikuwepo wakati kinyama kilipochukuliwa, jambo lisilowezekana kwa picha. Vipande hivyo vinahitaji kabati kavu, mahali pasipo na joto kali, na ulinzi dhidi ya panya na wadudu ambao huila nta. Hospitali isiyoweza kununua skana mwaka huu inaweza kununua kabati hilo.

Maswali ya wajumbe na ya wakazi

Mpango wa picha za maabara unapoletwa mezani, wajumbe wa bodi na kamati wanaweza kuuliza maswali haya:

1. Picha zitakuwa ngapi kwa mwaka, na zitajaza terabaiti ngapi kwa miaka mitano?
2. Fedha za hifadhi, umeme na matengenezo zimetengwa kwenye kifungu kipi cha bajeti ya kila mwaka?
3. Nakala zitakuwa ngapi, na iliyo nje ya hospitali itakuwa wapi?
4. Mara ya mwisho nakala ya akiba kujaribiwa ilikuwa lini?
5. Mkataba wa muuzaji ukikoma, picha zitatolewa katika muundo gani na kwa gharama ya nani?
6. Ni mtumishi gani, kwa cheo chake, anayewajibika?

Mkazi aliyechukuliwa kinyama naye ana wajibu na haki. Aombe nakala ya majibu yake na kuitunza pamoja na kadi ya matibabu. Ahakikishe namba ya sampuli imeandikwa na inasomeka, kwani ndiyo ufunguo wa kukifikia kipande cha nta, slaidi na picha hata baada ya miaka mingi. Anapopewa rufaa, amweleze daktari ni hospitali gani iliyosoma sampuli yake na mwaka gani. Anayo haki ya kuuliza nani ameziona taarifa zake na zimetumika kwa kazi gani.

Yule mama wa miaka 44 aliyetajwa mwanzoni huenda asijue kamwe seva ni kitu gani, wala hana haja ya kujua. Anachohitaji ni kwamba siku atakapoulizwa namba yake ya sampuli aitoe, na mtumishi aliye upande wa pili wa meza aifungue picha ya miaka mitano iliyopita ikiwa safi, kamili na yake mwenyewe.